Mpango Si Matokeo: Kuchungulia Amri za Vifurushi Kwenye Linux

Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli maarufu ya teknolojia ya Linus Tech Tips, alikuwa akijaribu kuhamia Linux mbele ya watazamaji wake. Alichagua Pop!_OS, distro (yaani toleo la Linux) ya kampuni ya Marekani ya System76, akataka kuweka Steam ili acheze michezo. Duka la programu likagoma. Akafungua terminali, akaandika amri ya apt, chombo cha kuweka na kuondoa vifurushi vya programu, na skrini ikajaa majina. Chini ya majina hayo palikuwa na onyo: vifurushi vya lazima vya mfumo vinakwenda kuondolewa, na asiyejua kwa hakika anachokifanya asithubutu. Ili kuendelea alitakiwa aandike kwa vidole vyake maneno `Yes, do as I say!`. Akayaandika. Punde si punde desktopu yote ilikuwa imeng'oka, akabaki na skrini nyeusi na maandishi meupe.

Ubishi uliofuata ulikuwa mkali. Wakongwe wa Linux walisema alionywa na hakusoma. Wengine walisema mfumo unaomruhusu mgeni kung'oa desktopu yake kwa kuweka programu ya michezo una kasoro tangu mwanzo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini kuna jambo lililopita bila kuzingatiwa sana: hakuna kilichofichwa. Orodha kamili ya vitakavyoondolewa ilikuwa pale, mbele ya macho, kabla ya kitu chochote kuguswa. Kuchungulia kulikuwepo. Kilichokosekana ni msomaji anayejua atazame wapi.

Kila kidhibiti vifurushi kinachotumika sana kwenye Linux leo kina namna ya kuonyesha kitakachofanyika kabla hakijafanyika. Makala haya yanapitia namna hizo, mitego yake na mipaka yake. Hoja yangu ni hii: mwigo wa amri, yaani kuiigiza bila kuitekeleza, huonyesha mpango, hauonyeshi matokeo. Anayeuchukulia mwigo kama matokeo atajikwaa siku moja, na anayeupuuza kwa sababu si matokeo atajikwaa mapema zaidi.

Mpango hutoka wapi

Aliyekulia kwenye Windows amezoea programu moja kuja na faili moja la kusakinisha lililobeba kila kitu ndani yake. Linux ilifuata njia nyingine. Programu hugawanywa vipande, na vipande vinavyohitajiwa na wengi, kama maktaba za picha au za usimbaji, huwekwa mara moja kwenye mashine na kutumiwa na wote. Kila kifurushi hubeba orodha ya vitegemezi vyake, orodha ya visivyoweza kukaa nacho, na orodha ya vile ambavyo ni vizuri viwepo ingawa si lazima.

Kwenye Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, dpkg, chombo chake cha kushughulikia vifurushi, ilizisoma orodha hizo na kukataa pale masharti yasipotimia, lakini haikwenda yenyewe kukutafutia kilichopungua. Apt-get ilipoingia na Debian 2.1, Machi 1999, kazi ya kutafuta ikawa ya programu. Wewe taja unachotaka. Kisuluhishi kitatafuta mchanganyiko wa vifurushi unaotimiza masharti yote.

Kisuluhishi hakijui unachokithamini. Kinajua masharti tu. Ukikiambia kiweke A, na A haikai pamoja na B, basi kuitoa B ni jibu halali, hata kama B ndiyo desktopu unayoitazama. Ndilo lililompata Sebastian: Steam ilihitaji maktaba za biti 32, ghala, yaani hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi, likawa na kasoro ya muda iliyofanya matoleo hayo yasilingane na ya biti 64 yaliyokuwa kwenye mashine, na njia iliyobaki ya kutimiza ombi ikawa kuiondoa desktopu.

Kuondoa nako kuna minyororo yake. Mtu hujiambia, "Mimi siandiki Python, acha niitoe python3 nipate nafasi." Kwenye Ubuntu ya kawaida sehemu kubwa ya zana za mfumo zimeandikwa kwa Python au zinaitegemea, kwa hiyo amri hiyo ya neno moja huvuta nyuma yake vifurushi vingi, desktopu ikiwamo. Kwenye CentOS za zamani hali ilikuwa mbaya zaidi: yum yenyewe iliandikwa kwa Python, hivyo aliyeivunja Python alivunja pia chombo ambacho angekitumia kuirudisha.

Wazo la kuiendesha amri kwa kuigiza lina umri mkubwa kuliko Linux. Programu ya make, aliyoiandika Stuart Feldman kwenye maabara za Bell mwaka 1976, ina chaguo `-n` linaloorodhesha hatua bila kuzitekeleza. Majina marefu ya chaguo hilo kwenye make ya GNU ni `--just-print`, `--dry-run` na `--recon`, na ukifungua mwongozo wa apt-get utayakuta majina hayohayo matatu yakiwa visawe vya `--simulate`.

Kila distro na namna yake

Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao, chombo cha kwanza ni `apt-get -s`. Baada ya orodha za kawaida, hutoa mstari mmoja kwa kila kitendo: `Inst` kwa kinachowekwa au kusasishwa, `Conf` kwa kinachosanidiwa, `Remv` kwa kinachoondolewa. Tazama mstari kama huu:

`Inst curl [7.88.1-10+deb12u4] (7.88.1-10+deb12u5 Debian-Security:12/stable-security [amd64])`

Ndani ya mabano ya kwanza ni toleo ulilonalo sasa. Kwenye mabano ya duara ni toleo linalokuja, likifuatiwa na ghala linakotoka. Mstari huo mmoja umekuambia kwamba curl inasasishwa, kwamba badiliko ni la kiraka tu maana namba kuu haijasogea, na kwamba linatoka kwenye ghala la usalama la Debian. Kama jina la ghala lingekuwa la mtu uliyeongeza anwani yake mwaka juzi kwa kufuata mwongozo fulani ukasahau, hapo ndipo ungelikumbuka.

Uzuri mwingine wa `apt-get -s` ni kwamba haihitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, na kinga iko hapohapo: ukisahau kuandika `-s`, amri itagoma kwa kukosa ruhusa badala ya kutekelezwa. Ukiiendesha hivyo, apt itakukumbusha kwamba haikufunga kufuli lolote, na kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa tofauti na uliyoonyeshwa. Programu chache hukiri udhaifu wake waziwazi namna hiyo.

Kuna kitu kimoja ambacho `-s` haikuambii: ukubwa wa kupakua. Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeweka LibreOffice kwa bando la simu, hiyo ndiyo habari ya kwanza anayoihitaji. Ukubwa huo hujitokeza unapoendesha amri ya kweli, kabla ya swali la ndiyo au hapana. Anayetaka hesabu ya kila faili atumie `apt-get --print-uris`, ambayo huorodhesha anwani za mafaili yatakayopakuliwa na ukubwa wa kila moja kwa baiti.

Fedora na jamaa za Red Hat hutumia dnf. Chaguo `--assumeno` huifanya dnf ichore jedwali lote la muamala, pamoja na matoleo, maghala na ukubwa, kisha ijijibu yenyewe hapana. Familia hii ina hatua ya ziada ambayo apt haina. Baada ya kupakua, dnf hufanya jaribio la muamala, ikikagua kama mafaili ya vifurushi viwili yatagongana na kama diski ina nafasi. Ukiandika `dnf --setopt=tsflags=test` ukafuatisha amri yako, kazi itakomea kwenye jaribio hilo. Dnf pia hulinda vifurushi fulani, yenyewe ikiwamo, na hukataa kuviondoa.

openSUSE ina `zypper` yenye `--dry-run`, na ukiongeza `--details` unapata matoleo na maghala. Alpine, inayopendwa ndani ya kontena kwa udogo wake, ina `apk add -s`. Hii itazamwe kwa makini kwa sababu mistari ya mwigo wake inafanana na ya utekelezaji wa kweli, na mtu mwenye madirisha mawili ya terminali anaweza kuchanganya lipi lilikuwa lipi. Void ina `xbps-install -n`. Gentoo, ambako programu hujengwa kutoka msimbo na kazi moja inaweza kula saa nyingi za prosesa, imeufanya mwigo kuwa mazoea: watumiaji wake huandika `emerge -pv` kabla ya jambo lolote, wakasoma herufi na rangi zinazoonyesha kipya, kinachopandishwa toleo na kinachozuia kingine.

Arch ni kisa cha peke yake. Pacman ina `--print`, ambayo huorodhesha walengwa tu. Kwa kuondoa, `pacman -Rs --print` inatosha kabisa. Kwa kusasisha kuna mtego. Anayetaka kujua kuna nini kipya hushawishika kuandika `pacman -Sy` ili apate orodha mpya, kisha akaahirisha usasishaji wenyewe. Kesho yake akiweka programu moja, itakuja ikiwa imejengwa juu ya maktaba mpya ambazo mashine haina. Arch husema wazi kwamba usasishaji wa nusunusu hauungwi mkono. Kwa sababu hiyo kipo `checkupdates`, kwenye kifurushi cha pacman-contrib, ambacho hutazama yaliyo mapya kwa kutumia nakala ya pembeni ya hifadhidata na kuiacha ile ya mfumo kama ilivyo.

NixOS ndiyo iliyosogea karibu zaidi na matokeo. Amri `nixos-rebuild dry-activate` hujenga usanidi mpya, halafu badala ya kuuwasha huorodhesha mabadiliko ambayo yangefanyika, zikiwamo huduma ambazo zingezimwa na kuwashwa upya. Hata hivyo mwongozo wake unatahadharisha kwamba orodha hiyo haina dhamana ya kukamilika.

Swali la mwisho kabla ya kitendo

Watu wengi hawatumii mwigo. Wanategemea swali ambalo programu huuliza kabla ya kuanza. Swali hilo ni mwigo wa aina yake, na limeundwa tofauti kila mahali. Apt na pacman huandika `[Y/n]`: ukibonyeza Enter bila kufikiri, umekubali. Zypper nayo huchukulia ndiyo. Dnf huandika `[y/N]`: ukibonyeza Enter bila kufikiri, umekataa. Mtu aliyezoea Fedora, ambako Enter ni salama, akihamia Ubuntu atakuja kushtuka. Na apt ina tabia nyingine isiyofahamika na wengi: kama kinachowekwa ni kile tu ulichokitaja, bila kitegemezi cha ziada wala kitu cha kuondolewa, haiulizi chochote. Huanza kazi moja kwa moja. Anayesubiri swali ili asome hatalipata.

Halafu kuna `-y`, chaguo linalojibu ndiyo kabla swali halijaulizwa. Lina mahali pake. Kwenye kujenga kontena hakuna mtu wa kujibu, na ikiharibika unaitupa na kujenga nyingine. Tatizo ni kwamba mstari ulioandikwa kwa ajili ya kontena hunakiliwa ukapelekwa kwenye seva ambayo haitupiki. Miongozo mingi ya kuweka programu huanza na `sudo apt install -y`, na msomaji anayenakili anapokea pia uamuzi wa mwandishi kwamba hakuna haja ya kusoma.

Baada ya kisa cha Pop!_OS, System76 na watunzaji wa APT walikaza mlango huo. Kisuluhishi hakipendekezi tena kuondoa vifurushi vya lazima ili kutimiza ombi la kawaida, na anayetaka kweli kuviondoa hana budi aandike chaguo mahususi, `--allow-remove-essential`. APT 3.0 ya mwaka 2025 imeongeza rangi na safu: vinavyoondolewa huwa vyekundu. Ni mabadiliko ya muonekano, lakini yanagusa kiini cha tatizo, kwa sababu kwenye orodha ya zamani jina lililokuwa linakufa lilifanana na jina lililokuwa linazaliwa.

Amri inapokugeuka

Ipo mitego ambayo iko ndani ya uandishi wa amri yenyewe. Wa kwanza ni mpangilio wa maneno. Dpkg inalo chaguo la `--no-act`, na mwongozo wake unaonya kwamba lazima litangulie kitendo. Ukiandika `dpkg --purge foo --no-act`, yaelekea foo itafutwa kabisa pamoja na usanidi wake, wakati wewe ulidhani unachungulia. Funzo lake linavuka dpkg: chaguo la mwigo liandikwe mwanzo kabisa, na uhakikishe limeeleweka kabla ya kuliamini.

Wa pili ni alama za kukamata majina mengi. Apt-get ikikosa kifurushi chenye jina ulilotaja, na jina hilo lina nukta, nyota au alama ya kuuliza, hulichukulia kama ruwaza na kuipitisha kwenye majina yote yaliyomo ghalani, hata katikati ya neno. Mwongozo wake unatoa mfano: `lo.*` hukamata lowest na pia how-lo. Tabia hiyo imetangazwa kuwa ya kuachwa tangu APT 2.0 ya mwaka 2020, lakini seva za zamani bado zipo kazini. Juu ya hapo, nyota isiyofungwa kwa alama za nukuu inaweza kumezwa na ganda la amri kwanza, ikageuka majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda uliyosimama.

Wa tatu ni alama za mwisho. Kwenye `apt-get install`, jina likifuatiwa na kistari cha kutoa linaondolewa. Kwenye `remove`, likifuatiwa na alama ya kujumlisha linawekwa. Kidole kikiteleza, amri ya kuweka imegeuka ya kuondoa. Mtego huu na ule wa pili hunaswa na mwigo kwa sekunde mbili, na ndiyo maana naona mwigo unafaa zaidi kwa amri fupi unazodhani unazijua kuliko kwa zile ndefu zinazokutia wasiwasi.

Wa nne uko nje ya uandishi wa amri: ni orodha iliyopitwa na wakati. Mwigo hupanga kwa kutumia orodha za ghala zilizomo kwenye mashine yako. Kama hujaendesha `apt update` tangu mwezi uliopita, unachungulia mpango wa mwezi uliopita.

Yasiyoonekana kwenye mwigo

Sasa tuje kwenye mipaka. Kifurushi cha Debian hubeba mafaili na pia skripti zinazoendeshwa kabla na baada ya kuweka au kuondoa, kwa mamlaka yote ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Mwigo hauziendeshi wala hauzisomi. Skripti inaweza kuwasha huduma, kuunda mtumiaji au kubadilisha ruhusa, na `apt-get -s` haitakuwa na neno la kusema.

Chukua mfano wa karibu. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanya takwimu zao kwa DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, na mwongozo wake wa usakinishaji umejengwa juu ya Ubuntu na hifadhidata ya PostgreSQL. Msimamizi akiendesha mwigo wa usasishaji ataona mstari mmoja wa `Inst postgresql-16` wenye badiliko dogo la namba. Kitakachotokea ni hifadhidata kuzimwa na kuwashwa upya, na kila aliyekuwa akiingiza ripoti wakati huo kukatwa. Kwa mpango, hilo ni jambo dogo. Kwa karani wa wilayani aliyekuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu, ni kazi ya kuanza upya. Anayejua hivyo atasoma mstari uleule wa mwigo na kuipeleka kazi usiku.

Machi 8, 2023, jambo la namna hiyo liliiangusha Datadog, kampuni kubwa ya ufuatiliaji wa mifumo. Kwa maelezo iliyoyachapisha yenyewe, usasishaji wa usalama wa systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ulijiendesha kwenye mashine zake za Ubuntu 22.04. Huduma ya mtandao ya systemd ikaanza upya, na katika kuanza upya ikafuta njia za mtandao zilizokuwa zimewekwa na chombo kingine, Cilium. Mashine zikapoteza mawasiliano kwa wakati mmoja katika maeneo mbalimbali. Mwigo wa usasishaji ule ungeonyesha vifurushi vichache vya systemd vikipanda kiraka kimoja. Hakuna msomaji, hata awe makini vipi, angeiona ajali kwenye mistari hiyo.

Mwaka uliofuata ukaleta somo kali zaidi. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yamepandikizwa mlango wa siri. Aligundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde na akataka kujua kwa nini. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika kwenye Debian ya majaribio na kwenye matawi ya Fedora yaliyokuwa bado yakiandaliwa. Kwenye mwigo yalionekana kama usasishaji mwingine wowote: jina halali, ghala halali, sahihi halali. Mwigo unajua kinachobadilika. Nia ya aliyekibadilisha haiufikii.

Yapo na madogo. Migongano ya mafaili kwenye Debian hugunduliwa dpkg ikiwa tayari inafungua vifurushi. Maswali kuhusu mafaili ya usanidi uliyoyahariri hujitokeza katikati ya kazi, na kama ulikuwa umeunganishwa kwa SSH kupitia intaneti ya simu na laini ikakatika hapo, umeacha mfumo nusu njia. Diski ndogo ya `/boot` hujaa kerneli mpya inapoingia. Na kati ya dakika uliyochungulia na dakika uliyotekeleza, ghala linaweza kuwa limebadilika. Mapema 2024, Debian ilipokuwa ikihamishia mifumo ya biti 32 kwenye hesabu ya saa ya biti 64 ili kuepuka tatizo la mwaka 2038, watumiaji wa tawi lake lisilo imara walikuta mpango wa asubuhi ukitaka kuondoa programu nyingi, kisha mpango wa siku chache baadaye, vifurushi vilipokwisha kujengwa upya, ukiwa wa kawaida. Aliyesoma mistari ya `Remv` alisubiri. Asiyesoma alianza kuokota vipande.

Njia ya kurudi

Kwa sababu ya mipaka hiyo, wapo wanaosema tuache kuhangaika na kuchungulia, tuwekeze kwenye kurudi nyuma. Hoja yao ina nguvu. openSUSE inapotumia mfumo wa mafaili wa Btrfs hupiga picha ya mfumo kabla na baada ya kila kazi ya zypper, na ukiharibikiwa unawasha mashine kutoka kwenye picha ya jana. Fedora Silverblue huweka mfumo mzima kama toleo moja linalobadilishwa kwa mkupuo, na la zamani hubaki likingoja. NixOS, iliyojengwa juu ya mawazo ya tasnifu ya Eelco Dolstra ya mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, huhifadhi kila usanidi kama kizazi unachoweza kukichagua mashine inapowaka. Hata dnf ya kawaida inayo `history undo`, mradi vifurushi vya zamani bado vinapatikana ghalani.

Lakini kurudi nyuma nako kuna mipaka. Picha za openSUSE haziigusi `/var`, na kwa sababu nzuri: hakuna anayetaka kurudisha nyuma barua na hifadhidata zake pamoja na mfumo. Maana yake ni kwamba programu ikishabadilisha muundo wa data yako, kuirudisha programu hakuirudishi data. Aidha, saa moja ya seva ya hospitali kuwa chini haifutwi na kurudi nyuma, imeshapita. Njia ya kurudi hupunguza gharama ya kosa, na kuchungulia hupunguza idadi ya makosa. Atakayechagua kimoja akaacha kingine atalipa kwa upande aliouacha.

Katikati ya hizo mbili kuna mazoezi ya kweli: kuendesha amri yenyewe kwenye nakala. Kontena ya Debian 12 itakuonyesha skripti zikifanya kazi na maswali yakiulizwa, ingawa haina vifurushi vyako wala maghala uliyoongeza, kwa hiyo mpango wake hautakuwa mpango wako. Mashine pepe iliyonakiliwa kutoka kwenye seva hutoa jibu lililo karibu zaidi na ukweli. Kwa kompyuta ya mezani hayo ni mengi mno. Kwa seva inayotegemewa na watu wengine, ni wajibu.

Kinachotosha

Kwa mtumiaji wa kawaida utaratibu unaofaa ni mfupi. Onyesha upya orodha za ghala. Endesha mwigo bila sudo. Tafuta vinavyoondolewa kabla ya kutazama vinavyowekwa, maana madhara mengi yamejificha huko. Kwenye Debian na Ubuntu, `apt-get -s full-upgrade | grep '^Remv'` hukupa jibu kwa mstari mmoja, na kama haitoi kitu, hakuna kinachoondoka. Linganisha idadi na ulichokiomba: ukiomba kimoja na mpango ukagusa themanini, simama uulize kwa nini. Tazama ghala la asili la kila kisichokuwa cha kawaida. Kisha tekeleza papo hapo, usingoje kesho.

Msimamizi wa seva aongeze mawili: ajue ni huduma zipi zitaanza upya na vifurushi vilivyotajwa, na awe na njia ya kurudi aliyokwisha kuijaribu. Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema, na hapa tahadhari haigharimu hata MB moja ya bando zaidi ya zile za kupakua orodha.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaoandika miongozo ya Linux kwa Kiswahili na wanaofundisha vyuoni na kwenye vikundi vya simu. Ondoeni `-y` kwenye mifano yenu. Mahali pake wekeni mstari wa mwigo kwanza, na maelezo mafupi ya jinsi ya kuusoma, halafu ndipo amri yenyewe. Msomaji atapoteza dakika moja, na atajua kinachoingia na kinachotoka kwenye mashine yake.